Marafiki wameniita Nuksi tangu fainali ya Wellington, sasa hata kijana wangu hataki nikuje uwanjani

Anko habari yako,

Naandika hii nikiwa kazini, saa nane usiku, kwa hivyo kama kuna mahali nitarukaruka nisamehe. Mimi ni mwanaume wa miaka 44, nakaa Nakuru, nina bibi na watoto watatu. Shida yangu ukiisikia utacheka, na ucheke tu, kila mtu hucheka, hata mimi nimecheka nayo miaka kumi na tatu na sasa nimechoka.

Kama wewe ni mtu wa raga unakumbuka Februari 2013, Shujaa, timu yetu ya Kenya ya raga ya saba kila upande, walivyoenda Wellington wakatoa New Zealand kwa semi, kwao nyumbani, mashabiki wao wakiangalia, halafu fainali wakakutana na Uingereza. Huko kwao ilikuwa usiku, sisi huku ni Jumamosi asubuhi. Tulikuwa na kikundi chetu, wanaume saba, tulicheza pamoja tukiwa vijana kabla magoti hayajakataa, na mechi kubwa tulikuwa tunaangalia kwa mmoja wetu ambaye dekoda yake ilikuwa imelipiwa kila mwezi bila kukosa. Mimi nilikuwa natoka shifti ya usiku. Nikachelewa. Nikaona nisiende mikono mitupu, nikapitia kwa mama wa mandazi nikanunua za mia mbili, moto kabisa, amezifunga na gazeti mafuta yamepenya hadi yakanichora shati hapa kifuani.

Skoa sikujua. Simu ilikuwa imeisha chaji tangu saa kumi. Nimefika mlangoni nikasikia kimya, na nyumba iliyo na watu sita wanaoangalia raga haiwagi kimya, hapo ningejiuliza lakini wapi, usingizi ulikuwa umenibeba. Nikafungua. Wote wamesimama. Mmoja yuko juu ya stuli, mwenye nyumba ameshika kichwa na mikono miwili. Sasa Anko, mimi nimelelewa na mama ambaye ukiingia kwa watu bila kusalimia kila mtu kwa mkono unarudishwa nje uingie upya, nikiwa mtoto nimerudishwa mara nyingi. Nikaanza. Habari ya asubuhi, mko aje. Wa kwanza akanipa mkono bila kuniangalia. Wa pili akanipa vidole viwili. Kufikia wa tatu ikabidi nipite mbele ya TV, na hiyo TV ilikuwa ndogo, ya kitambo, imewekwa chini.

Ilikuwa 19-19. Muda wa nyongeza. Ile ya anayefunga kwanza, mechi inaishia hapo hapo.

Nilisikia mtangazaji amepandisha sauti, nikasikia mtu amepiga kelele "toka!", na kugeuka hivi Waingereza wanarukiana. 24-19. Imeisha. Mkono wangu bado uko hewani, na yule wa tatu nikikumbuka vizuri hakuwahi kuushika.

Hakuna mtu kwa hiyo nyumba aliona hiyo trai, vile Mwingereza aliuweka mpira chini nyuma ya mstari wetu. Waliona mgongo wangu. Mandazi hazikuguswa, nilirudi nazo zote tukakula na bibi yangu siku mbili.

Kutoka hapo mimi ni Nuksi. Si jina la siku moja, ni jina kabisa, kwa simu zao nimeandikwa hivyo, mmoja wetu alipooa MC akaniita mbele ya watu na hilo jina na watu wakapiga makofi. 2016 Shujaa walipofika fainali Singapore nilipata meseji asubuhi, "Nuksi leo tafadhali usikuje." Sikuenda. Na kwangu pia sikuwasha TV, nilienda nyuma ya nyumba nikapalilia sukuma wiki, simu nimeiacha ndani, nikasikia tu mitaa inalipuka. Tumepiga Fiji 30-7, taji letu la kwanza. Baadaye wakanipigia wameweka simu kwa spika wote wanaimba, asante Nuksi kwa kutokuja. Nikacheka nao. Kisha nikasimama pale na jembe sijui dakika ngapi. Hadi leo hiyo mechi sijaiangalia kutoka mwanzo hadi mwisho, naonanga tu vipande vipande watu wakituma.

Mbaya zaidi nilianza kuamini. Mechi yoyote ikikaza naondoka mwenyewe hata bila kuambiwa. Bibi yangu akiniona naelekea mlangoni anajua ni penalti.

Sasa vitu viwili. Kwanza hao jamaa wanapanga tarehe 17 mwezi wa nne, miaka kumi tangu Singapore, waangalie ile mechi tena pamoja, nyama, kila kitu, na wameniita. Mmoja akaandika kwa grupu "Nuksi akuje tu, hii tayari tulishinda." Pili, na hii ndiyo imenifanya nikuandikie, kijana wangu wa kidato cha tatu anachezea shule, raga ya saba, muhula wa pili ndio mechi zao. Mwaka jana nilienda moja, wakafungwa dakika ya mwisho. Juzi nikamwambia mwaka huu nitaomba ruhusa kazini nikuje. Akaangalia chini akasema, "Baba, si lazima ukuje." Najua ametoa wapi. Amekua akisikia hilo jina.

Niende hiyo sherehe? Na huyu mtoto nimwambie nini?

Nuksi, Nakuru

Jibu la Anko

Ndugu yangu, nimecheka. Umeniruhusu, nimetumia ruhusa. Hiyo ya kwenda kusalimia wa tatu ukiwa umebeba mandazi nimewasomea watu nyumbani kwangu na mama watoto amesema mama yako alikulea vizuri na hao ndio hawakulelewa, mgeni anaingia na chakula mnashindwa kumshika mkono. Halafu nikafika pale kwa kijana nikaacha kucheka.

Tuanze na hesabu, kwa sababu hilo jina limesimama kwa hesabu mbovu na umeibeba miaka kumi na tatu bila kuirudia hata mara moja. Wanakwambia ulikuja 2013 tukapoteza, hukukuja 2016 tukashinda, basi kesi imeisha. Kwani raga ilianza 2013? Fainali yetu ya kwanza kwa ile ligi ya dunia ilikuwa Adelaide 2009, Afrika Kusini wakatupiga 26-7, na wewe huna hata mstari mmoja kwa barua yako kuhusu hiyo siku, maana hakuna aliyekulaumu. Juni 2013, miezi minne tu baada ya mandazi zako, Kombe la Dunia la raga ya saba kila upande kule Moscow, tukafika semi, Waingereza hao hao wakatutoa 12-5. Wakati huo ulikuwa tayari umefukuzwa kwa TV. 2018 ndiyo hata nataka uwaulize hao jamaa wakiwa wote wamekaa, tulifika fainali Vancouver Fiji wakatupiga 31-12, raundi iliyofuata hapo hapo tukafika fainali tena Hong Kong, Fiji tena, 24-12. Fainali mbili mfululizo. Wewe ulikuwa wapi? Kwa sukuma, kama nakufahamu. Sasa nuksi wa 2018 ni nani? Mbona hakupewa jina?

Na kama lazima tutafute mtu mmoja aliyekuwa siku zote mbili, Wellington na Singapore, mimi nitakupa. Anaitwa Ben Ryan. Ndiye alikuwa kocha wa Uingereza Wellington, siku ile wametufunga, na mwaka huo huo akahamia Fiji, ndiye alikuwa amekaa upande wa Fiji tukiwapiga 30-7 mbele ya marehemu Benjamin Ayimba kocha wetu. Mtu mmoja, fainali mbili na Kenya, moja kacheka moja kalia, na miezi michache baadaye akaenda Rio akarudi na dhahabu ya Olimpiki. Kama kuna uchawi kwa hiyo hadithi basi ni wa kigeugeu sana.

Wacha nikupe hadithi nyingine maana naona unafikiri uko peke yako duniani. Tarehe 24 Juni 1995, Ellis Park, Johannesburg, fainali ya Kombe la Dunia la raga ya kumi na tano kila upande, ile ya Mandela amevaa jezi namba 6. New Zealand walikuja na Jonah Lomu ambaye kwa semi alikuwa amewakanyaga Waingereza trai nne peke yake, kila mtu akajua imeisha. Haikuisha. Dakika 80 ni 9-9 na hakuna trai hata moja, ni mateke tu, nyongeza ikaingia, 12-12, halafu Joel Stransky akaudondosha mpira chini akaupiga teke ukapita katikati ya milingoti, 15-12. Pointi zote 15 za Afrika Kusini ni za mguu wake na zote 12 za New Zealand ni za Andrew Mehrtens. Sasa huyo Mehrtens mwisho mwisho wa muda wa kawaida, bado 9-9, alipata nafasi ya teke kama hilo hilo na likaenda pembeni. Liko kwa video, kila mtu anaweza kuliona.

Unajua mashabiki wengi wa New Zealand wakikaa kuongea hiyo fainali, miaka thelathini sasa, wanamtaja nani? Suzie. Wachezaji wao waliugua tumbo siku mbili kabla ya mechi, hiyo ni kweli waliugua, kocha wao Laurie Mains akashikilia kwamba walitiliwa kitu hotelini, na ikatoka habari ya mhudumu anaitwa Suzie. Wako wanaoapa yuko, wako wanaoapa hajawahi kuwepo, na hakuna aliyewahi kumleta mbele ya watu aseme ndiye huyu. Lakini angalia kazi anayofanya. Mehrtens ni kijana wao wanampenda, kumlaumu inauma, kusema Waafrika Kusini walimkaba Lomu vizuri siku nzima inauma zaidi, kwa hivyo ni afadhali Suzie, hana ndugu kwa hiyo timu, hawezi kujibu.

Wewe ndiye Suzie wa Nakuru. Tofauti ni kwamba wewe uko, una namba ya simu, na umekuwa ukijibu kwa kucheka.

Hapo nataka nikuguse kidogo na usikasirike. Marafiki zako walikosea na walizidisha, hiyo ya kukupigia 2016 wakiimba mimi nisingeisamehe haraka. Lakini wao walikwambia usikuje kwao. Hawakukwambia uzime TV kwako. Hiyo ulijizimia. Mtu anayetoka nje kila penalti kwa miaka kumi, na bibi yake anajua, mimi nashuku hata bila hilo jina ungekuwa mlangoni tu, moyo wako hauwezi presha, na Nuksi ikakupa sababu nzuri ya kutoka na watu wakaona ni utani. Kama nimekosea nitupilie mbali. Kama sijakosea basi jua ni kitu cha kawaida. Mimi hiyo trai ya Wellington nimeapa kwa watu miaka yote kwamba ilifungwa upande wa kushoto wa TV, mke wangu anasema kulia, mwaka juzi tukagundua sisi wote tulikuwa tumejifunika uso na mto wa kochi. Mto mmoja. Nusu ya hizi kumbukumbu za fainali tunazopigana nazo ni za watu waliokuwa wamefumba macho.

Haya, sherehe. Nenda. Lakini kabla ya tarehe 17 mtafute mwenye nyumba, yule wa dekoda, umkute peke yake, si kwa grupu, kwa grupu mtu mzima anageuka mtoto. Kunyweni chai. Umwambie vile umeniambia mimi, habari ya jembe na habari ya kijana, hasa ya kijana. Usimpe hotuba, mwambie tu mtoto amesema maneno gani na akaangalia wapi wakati anasema. Kama huyo ni rafiki yako kweli hatamaliza hicho kikombe kabla hajakuomba msamaha, na atawafikia wale wengine mwenyewe. Kama atacheka, basi umejua, na hiyo Ijumaa ya tarehe 17 ukae kwako uangalie Singapore na bibi yako, mwanzo hadi mwisho, umuone Collins Injera wetu akikimbia bila mtu kukuambia uondoke. Hiyo mechi ni yako pia. Ulinyimwa kitu ambacho Mkenya wa raga alingoja maisha yake yote na mimi nikiwa wewe ningekidai.

Na ukienda, ingia na mandazi. Za gazeti, zenye mafuta. Waambie kabla ya Singapore wote mtaangalia Wellington kwanza, mtafute ile ya dakika za nyongeza, kwa sababu kuna wanaume sita Nakuru wamebishana miaka kumi na tatu kuhusu trai ambayo hawajawahi kuiona. Wakae waione. Waone kama kuna mahali popote kwa hiyo video mlinzi wa Kenya amepotezwa na mtu anayesalimia watu Nakuru. Halafu yule wa tatu akupe mkono wake, ana deni.

Sijui kama utani utaisha. Jina la miaka kumi na tatu halitoki kwa siku moja na pengine hutaki litoke lote, kuna majina mtu anabeba akizeeka nayo vizuri. Lakini wakikuita wakati kijana yuko karibu, hapo weka mpaka, na useme kwa sauti ya kawaida, mbele ya mtoto si hilo. Basi. Usieleze.

Sasa kijana mwenyewe. Wewe umeamua unajua ametoa wapi hayo maneno, na labda ni kweli, lakini mtoto wa kidato cha tatu akisema "si lazima ukuje" anaweza kumaanisha vitu vingi. Anaweza kuwa anaamini nuksi. Anaweza kuwa anakulinda wewe, alikuona ile siku walifungwa dakika ya mwisho, aliona uso wako, hataki kukuona hivyo tena, watoto hufanya hivyo na wazazi hawajui. Anaweza kuwa ni benchi mwaka huu na ana aibu. Na anaweza tu kuwa na miaka kumi na sita, kuna msichana atakuja kuangalia, hataki baba yake akipiga kelele pale na kofia ya kazini. Huwezi kujua bila kumuuliza na usimuulize uso kwa uso mezani, atasema "hakuna kitu." Muulize mkifanya kitu, mkipalilia, mkiosha gari kama mnayo, mkitembea kwenda dukani. Muulize ile mechi ya mwaka jana ilikuwaje ikiwa ndani ya uwanja, dakika ile ya mwisho yeye alikuwa wapi. Kisha unyamaze. Kama alikosa takoli, akashindwa kumwangusha mwenye mpira, atakwambia, na hapo utajua amekuwa akijibebesha mzigo wake mwenyewe na wewe ukifikiri ni wako.

Kama ni nuksi kweli, mpe ile hesabu ya juu, 2009, Moscow, Vancouver, Hong Kong, watoto wa siku hizi wanapenda kuthibitisha wataenda kwa simu waangalie. Halafu mpe uamuzi wa mechi ya kwanza tu. Mwambie nakuja, nikae wapi? Achague yeye, nyuma ya milingoti, kwa miti, mbali na kocha, popote. Akikwambia hapana kabisa, usilazimishe hiyo moja, mpeleke, mwachie geti, umngoje nje na chakula. Mechi ya pili muulize tena.

Na hata ikikaza, 19-19, muda wa nyongeza, miguu ikianza kukupeleka getini, kaa. Shika waya wa fensi ukae. Atageuka kuangalia kama uko, wachezaji wote hugeuka, hata wale wakubwa.

Jambo la mwisho, na hili ni la mama yako anisamehe: ukifika uwanjani usisalimie mtu yeyote mpaka filimbi ya mwisho.

Anko